Kina cha Bahari Nilichokipimia Ihembe

Nianze na kosa, kwa sababu nikianza na kitu kingine nitajipamba. Mimi ni fundi simu wa Omurushaka, Karagwe. Bahari sijawahi kuiona. Hata hivyo kuna mnyama mmoja wa baharini ambaye kwa miezi saba aliandikwa kwenye rasimu ya kisayansi kwamba anaishi kwenye kina cha mita moja na nusu, na namba hiyo niliitoa mimi. Niliipima Ihembe, ndani ya shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya jiko la mama yangu.

Kibanda changu cha ufundi ni chumba cha mbele cha nyumba ya bibi mmoja mwenye duka la vitenge na mafuta ya kupikia. Wazee wake walitoka pwani, upande wa Pangani, wakaja huku kufanya biashara kabla yeye hajazaliwa. Amezaliwa hapahapa na Kinyambo anakijua kuliko mimi, lakini ukimuudhi kidogo tu utaambiwa mambo ya kwao. Kwetu pwani watu hawapigi redio asubuhi. Kwetu pwani wali hauliwi bila nazi. Kwetu pwani kijana wa umri wako angekuwa na watoto wawili.

Wiki ya kwanza nilipopanga kwake alinikuta natambaa sakafuni na tochi mdomoni, natafuta skrubu ya simu iliyonidondoka. Alinitazama kwa muda, akaenda uani kwenye bomba, akarudi na gamba kubwa kama kiganja, lililokuwa likiwekewa sabuni. Akamwaga maji yaliyotuama ndani, akalifuta kwa ncha ya kanga.

"Weka misumari yako humu, fundi. Hilo ni kombe la bahari, limetoka kwetu. Ukilivunja utanitambua."

Nikaweka skrubu zangu humo, na kwa mwaka mzima sikulitazama tena.

Hapa inabidi nieleze tabia yangu, maana bila hiyo hamtanielewa, na hata ikiwepo sina hakika. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nyumbani Ihembe, kwa kufungua redio za baba na kuzifunga tena kabla hajarudi kutoka shambani. Aliyejifunza peke yake huwa hana mtu wa kumwambia basi, imetosha. Nikichomea waya narudia mara nne. Nikifunga simu naifungua tena kuhakikisha niliifunga vizuri. Nina hadubini ya mitumba, ya kutazamia kwa macho mawili, kwa sababu siamini kiungo nisichokiona kikiwa kikubwa kama mlango wa nyumba. Na nina daftari la wateja lenye safu sita: jina, aina ya simu, tatizo, dalili, chanzo, ilipoangukia. Safu kubaki wazi siwezi kuvumilia. Mteja asipojua simu yake iliangukia wapi, namjazia mwenyewe. Naandika "sakafu ya saruji". Nimeandika sakafu ya saruji kwa watu ambao, nikifikiri vizuri, nyumbani kwao hakuna saruji.

Siku moja skrubu ndogo kuliko zote iling'ang'ania kwenye ukingo wa kombe, upande wa chini. Kibano kikashindwa. Nikaliweka kombe zima chini ya hadubini ili nimwone adui yangu.

Nikaona utando mweupe ambao siku zote nilidhani ni ukoko wa sabuni. Haukuwa ukoko. Ulikuwa vyumba. Mamia ya vyumba vidogo vya chokaa, vimepangwa kwa safu kama masega ya nyuki, kila kimoja na mlango wa nusu duara. Juu ya kila mlango kulikuwa na miiba midogo mitano, imesimama kama meno ya kitana. Na ubavuni mwa kila chumba, upande wa kushoto, kulikuwa na kidomo kilichopinda kama cha kasuku.

Mzee mmoja wa Nyakasimbi alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri simu yake. Akaniuliza kama imepona.

"Ina milango," nikamjibu.

Alisubiri kidogo, labda nifafanue. Kisha akasema atapita kesho.

Ilinichukua wiki tatu kujua kwamba hao ni wanyama na kwamba wataalamu huwaita briozoa. Kwa Kiswahili sikukuta jina lao. Kila chumba kilijengwa na mnyama mmoja mdogo, ambaye enzi za uhai wake alikuwa anachungulia mlangoni, ananyoosha minyiri yake kuchuja chakula majini, na akishtuka anarudi ndani na kufunga kifuniko. Wanaishi wameshikamana, jirani kwa jirani, juu ya mawe, majani ya bahari na magamba. Kile kidomo ni mlinzi. Nilisoma hayo yote kwa kutafsiri makala za Kiingereza kipande kwa kipande, huku simu za watu zimepanga foleni zikiwa matumbo wazi.

Nilipenda mno. Niseme ukweli, nilipenda kwa sababu nilidhani nimempata mtu wa kufanana na mimi: vyumba mia kadhaa, vyote sawasawa.

Nikaweka picha kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni ambapo watu huulizana majina ya viumbe. Aliyejibu alikuwa mwanamke Mtanzania, mhadhiri wa chuo kimoja cha pwani, ambaye kazi yake ni kuchunguza viumbe wanaong'ang'ania mawe na magamba. Nikawa namwita Dokta. Aliniomba picha nyingine zilizo wazi zaidi. Nilimtumia mia moja na arobaini. Akajibu kwamba kumi zinatosha.

Kisha akakaa kimya mwezi mzima, nami nikapitia zile picha zote kutafuta ni ipi iliyomkera. Aliporudi aliniambia kwamba amewalinganisha na jamaa zao wote wanaojulikana. Wengine wana miiba miwili au mitatu, na walinzi wao wanakaa mahali pengine. Huyu wa kwangu hakuwa na jina. Akasema tumwandike pamoja: yeye ataandika maelezo na kushughulikia vibali, mimi nitapima, kwa kuwa kombe lipo kwangu na mikono yangu imezoea vitu vidogo. Nilifurahi mpaka jioni. Kuanzia jioni hiyo nikawa mgonjwa wa hofu.

Aliniomba nipime vyumba thelathini, urefu na upana, na nihesabu miiba. Nilipima mia nne. Nilijiambia huo ndio uangalifu. Nilipofika kwenye vyumba vyenye miiba minne badala ya mitano, au vilivyopinda kwa kubanwa na jirani, nikaviruka. Hilo nilikulia ndani yake: nyumbani tulichambua kahawa kwenye ungo, mbovu huku, nzima kule, na mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa nachambua kwa ukali hivi kwamba mbovu zinazidi nzima, mpaka baba akaninyang'anya ungo akasema nitamfilisi. Sasa hapakuwa na wa kuninyang'anya ungo. Nikamtumia Dokta jedwali zuri mno, kila chumba miiba mitano.

Alinipigia simu. Aliniuliza wenye miiba minne wako wapi, maana kwenye picha anawaona. Nikamwambia nimewachambua nikawatoa.

"Nani kakutuma uchambue?" akasema. "Hao nao ndio mnyama mwenyewe. Warudishe."

Nikawarudisha. Kila mmoja aliniuma.

Aliponiagiza nivunje kipande kidogo cha ukingo na kukisafisha kwa dawa ya kuondolea madoa nguo nyeupe, ili nyama iliyokauka itoke na vyumba vionekane vizuri, nilianza kwa kufanyia mazoezi maganda ya mayai. Siku kumi na nane za maganda ya mayai. Bibi mwenye nyumba alikuwa ananiona nikila mayai kila asubuhi, akaniambia naona siku hizi mambo yako mazuri. Siku ya kumi na tisa nikamwomba ruhusa, nikavunja kipande, nikakisafisha na kukituma chuoni.

Ndipo ikaja fomu.

Ilikuwa fomu fupi. Mahali alipopatikana. Tarehe. Aliyemwokota. Kina cha maji. Dokta alieleza kwamba bila hayo mnyama hawezi kupewa jina la maana, kwa sababu mtu mwingine lazima aweze kurudi palepale na kumkuta. Nikamwendea bibi. Bila hata kuacha kukunja kitenge alichokuwa anakikunja, akaniambia baba yake aliliokota mwenyewe, ufukweni, mbele ya nyumba yao. Akanitajia kijiji. Lini? Zamani, kabla hawajahamia huku. Kina gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ina mifupa mingapi.

Nikajaza mahali. Nikajaza aliyeokota. Tarehe nikakadiria mwaka. Kikabaki kisanduku cha kina, cheupe, tupu.

Nilikaa nacho siku tatu. Ningeweza kuandika "sijui". Ni neno fupi, halina gharama, najua kulitahajia. Ila nilikuwa nikijiona: fundi simu asiye na cheti, wa milimani, anayejifanya mwanasayansi wa bahari, anaulizwa swali moja la bahari na anajibu hajui. Nilihisi Dokta angefunga kompyuta yake na kusema, ndiyo, ndivyo nilivyodhani.

Jumapili nikaenda Ihembe. Nyumbani walikuwa wanatayarisha ndizi za kukamua, nikaingia shimoni kuzipanga juu ya majani kabla ya kufukiwa ziive. Nikasimama chini pale, udongo umenifika kifuani, kuku wa mama amesimama ukingoni ananitazama, na nikawaza: maji mafupi ya bahari yatakuwa hivi. Mtu amesimama, kichwa kiko nje, anaokota makombe. Nikamwomba mama utepe wa kushonea. Akaniuliza napima shimo la nini, wakati liko pale toka hajaolewa. Nikamwambia ni kazi ya chuo.

"Chuo gani?" akauliza.

Nikasema cha bahari. Akasema haya, na kuniletea utepe.

Mita moja na nusu. Nikaiandika. Ilikaa vizuri sana kwenye kile kisanduku.

Kilichonimaliza ni majibu ya Dokta. Aliandika kwamba nimefanya vizuri, kwamba watu wengi, hata wanafunzi wake, huacha kina wazi, na anafurahi kufanya kazi na mtu makini. Neno lenyewe alilotumia ni hilo, makini. Nilikuwa nalisubiri neno hilo maisha yangu yote, na lilinijia kwa ajili ya shimo la ndizi.

Miezi saba tulirushiana rasimu. Kila rasimu nilisahihisha kila kitu. Nilimwonyesha Dokta nukta iliyorudiwa na nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili. Mita moja na nusu nilikuwa naipita kama mtu anayempita anayemdai sokoni, macho mbele. Mwishoni akaniambia tunatuma Ijumaa, na kwamba limebaki jambo dogo: niongeze sentensi mbili juu ya sakafu ya bahari hapo mahali ilivyo, na kama familia ya bibi wanakumbuka, maji yalikuwa ya bamvua au mafu.

Ilinibidi nitafute maneno hayo. Bamvua ni siku ambazo bahari inajaa sana na kutoka sana. Maji mafu ni siku inaposogea kidogo tu. Maana yake, hapo mahali palipo na mita moja na nusu saa hii, baada ya saa sita panaweza kuwa pakavu, au pakamzamisha mtu. Bahari inapanda na kushuka kila siku. Kila mtoto wa pwani anajua. Mimi nilikuwa nimeipimia kwa kitu ambacho hakijasogea toka mama hajaolewa.

Nikaanza kuandika hivyohivyo. "Sakafu ni ya mchanga na mawe." Niliandika, nawaambia ukweli. Kisha nikasoma ukurasa mzima kwa sauti, kama nilivyozoea, na nilipofika kwenye kina nikaona majani ya migomba na yule kuku.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Nikisema, huenda mnyama akakosa jina, na Dokta hatanipa tena kazi wala salamu. Nikinyamaza, siku moja mtu atasafiri, atapiga mbizi mita moja na nusu mahali nilipomwelekeza, atakosa, na ataandika kwamba mnyama huyu hayupo. Nami nitakuwa nimemfuta kwa mkono uleule uliomhesabu miiba.

Kwanza nilimwendea bibi, nikitumaini kuna kitu cha kuokoa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwuliza tena, polepole, baba yake aliliokota wapi hasa. Safari hii aliacha kukunja.

"Mimi pwani nimefika mara moja," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Niliumwa tumbo siku zote, nikalala ndani."

Nikamwuliza, na kombe je?

"Kombe nimelikuta kwa mama, linawekewa sabuni. Lilikotoka sijui. Wewe ulikuja na kalamu umesimama, ulitaka jibu. Nikakupa."

Nikamwambia na mimi nilifanya hivyohivyo, nikamweleza la shimo. Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu la mafuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimegundua kwamba sasa sina kina na sina mahali.

Nikampigia Dokta mchana uleule, kabla sijapata muda wa kuandika rasimu ya kukiri. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Nikasikia feni inazunguka ofisini kwake.

"Hiyo mita moja na nusu," akasema, "uliitoa wapi?"

"Kwenye shimo la ndizi, Dokta."

"Shimo la nini?"

"La kuivishia ndizi. Nyumbani Ihembe."

Feni ikaendelea kuzunguka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba angeliweza kuandika "kina hakijulikani" na kazi ingeendelea, watu wanafanya hivyo kila siku. Kwamba asichoweza kufanyia kazi ni namba nzuri ya uongo. Na kwamba bila mahali hatuna kitu, kwa hiyo Ijumaa haipo. Akakata. Hakunitukana, na ningependelea anitukane.

Siku zilizofuata nilirudishia watu simu zao. Nilizitengeneza vizuri kupita kiasi. Nilimwandikia Dokta barua ya kuomba radhi, nikairekebisha mara ishirini na tatu, nikaifuta kwa sababu ilikuwa imeanza kupendeza.

Kumbe bibi mwenye nyumba alikuwa amepiga simu pwani bila kuniambia. Anaye dada yake huko, mtoto wa mama yake mdogo, mama wa miaka sitini na kitu ambaye mpaka leo huingia majini bahari ikitoka, akaokota chaza na kuuza nyama yake. Nitamwita bibi wa pwani. Sijui bibi wangu alimweleza vipi, ila bibi wa pwani alielewa kwamba kuna fundi huku Karagwe anaumwa kwa kukosa makombe.

Asubuhi ya siku ya sita nikapigiwa na kondakta wa basi. Akaniuliza kama ni mimi fundi wa Omurushaka mwenye ndoo. Nikasema sina ndoo.

"Unayo," akasema. "Njoo uichukue. Toka Biharamulo abiria wamefungua madirisha na mvua inanyesha."

Ilikuwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imefungwa kwa kitambaa cha kanga. Ndani mlikuwa na makombe thelathini na manne, kila moja limepakwa chumvi kama samaki. Chaza wenyewe alikuwa amewatoa, kwa ujumla. Juu yake aliweka nazi mbili. Niliibeba kutoka stendi huku watu wananipisha njia kama mkuu wa wilaya.

Nilifunga mlango wa kibanda. Makombe kumi na mawili ya kwanza hayakuwa na kitu, au yalikuwa na utando wa viumbe wengine. Kombe la kumi na tatu nililigeuza, nikaliweka chini ya hadubini, nikarekebisha, na pale ukingoni, upande wa chini, vilikuwepo vyumba. Nikahesabu miiba. Mitano. Mitano. Minne. Mitano. Kidomo, kushoto. Niliketi nikasikia harufu ya ule uvundo kwa mara ya kwanza.

Kisha nikampigia bibi wa pwani. Nilimshukuru, nikamwamkia, nikagundua nimepindua mpangilio, nikamwamkia tena. Nikamwomba aniambie alipookota. Akanitajia ufukwe, mkono wa kushoto wa mikoko, kwenye mawe yaliyotangulia mawe makubwa. Siku gani? Jumamosi asubuhi, kabla hajapika. Bamvua au mafu? Bamvua, siku ya pili yake, maji yametoka mbali. Alijibu kama mtu anayeulizwa chumba chake cha kulala kina dirisha upande gani. Nikafika kwenye kina.

"Maji ya goti," akasema.

Nikaona kisanduku. Nikasema, bibi, samahani, goti lako au goti la mtu mrefu?

"Goti langu, mwanangu. Uliona wapi mtu anaingia baharini na goti la mwenzake?"

Nikamwomba alipime. Aliniuliza kama bibi yangu ana habari kwamba ninawauliza wanawake wa watu magoti. Lakini alilipima, kwa utepe wa kushonea, kutoka kisigino. Inchi kumi na saba.

Nikamwandikia Dokta ujumbe. Mahali, siku, aliyeokota, na kina: inchi kumi na saba kwa goti la bibi wa pwani, maji yakiwa yametoka, bamvua. Chini yake nikaandika ambayo siyajui. Sijui kombe la kwanza lilitoka wapi. Sijui nani aliliokota wala lini. Sijui kama ni ufukwe huohuo. Orodha hiyo niliiandika mara moja na sikuisoma kwa sauti, kwa sababu nilijua nikiisoma nitaipunguza.

Jibu lilikuja jioni, la maneno matatu: "Nipe namba yake."

Wiki mbili baadaye Dokta alisafiri mpaka huko na vibali vyake, akaingia majini na bibi wa pwani. Alinipigia akiwa amesimama humohumo. Aliniambia wapo, wazima, wanachungulia, na kwamba kwake maji yanaishia chini kidogo ya goti kwa sababu yeye ni mrefu. Nyuma yake nilimsikia bibi wa pwani akimwelekeza aangalie anakokanyaga. Nilitaka kuuliza mambo mengi. Nikauliza kama sakafu ni ya mchanga na mawe.

"Ni majani ya bahari na mawe," akasema. "Ungeandika nini?"

Nikamwambia ningeandika mchanga. Akasema, angalau sasa unasema.

Hakunisamehe kwa hotuba. Alinirudishia kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa hivi: kiumbe kinachobeba jina lazima kiwe kile kinachojulikana kilikotoka, kwa hiyo ni kombe lingine, la bibi wa pwani, ndilo litakalohifadhiwa chuoni kama mfano wa wote. Kombe langu, lenye vyumba mia nne nilivyovijua kimoja kimoja, lilitoka kwenye jedwali lote. Vipimo vyangu vyote vikatoka nalo. Akaniomba nianze upya, vyumba thelathini, bila kuchambua. Nilipima thelathini na kimoja. Nilikiri.

Makala imeshatoka. Jina la mnyama sitaliandika hapa, maana nimejifunza nisijisifie kwa mlango wa nyuma, ila halimhusu fundi yeyote wa simu. Penye mkusanyaji kuna jina la bibi wa pwani. Penye kina kuna kipimo cha Dokta, na kile cha goti kando yake. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, limetajwa kombe la pili, ambalo kipande chake tu kipo chuoni: lilikuwa likitumika kuwekea sabuni na baadaye skrubu, Karagwe, mahali lilipookotwa hapajulikani, kina hakijulikani. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko makala yenyewe. Inaniwasha mpaka leo.

Dokta alitaka kombe zima liende chuoni. Bibi alikataa.

"Mmesema hamjui lilikotoka," akasema. "Mimi najua linakokaa."

Kwa hiyo lipo mezani kwangu, na skrubu zake. Nilimpelekea mama makala, nikamwonyesha picha ya vyumba. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ndiyo ile kazi ya utepe. Nikasema ndiyo, ila ile namba waliikataa. Akasema shimo lenyewe kaka yangu ameshaliongeza, hata ningebaki nayo ingekuwa si yenyewe.

Dokta ameniambia niende nikaione bahari. Nimesema mwezi ujao. Nimeshasema mwezi ujao mara tano. Nasubiri nijue viatu gani huvaliwa, na kama mtu huingia moja kwa moja au kuna namna.

Juzi yule mzee wa Nyakasimbi alirudi na simu iliyoingia maji. Nikafungua daftari. Jina, aina, tatizo, dalili, chanzo, nikajaza. Nikamwuliza iliangukia wapi. Akasema hajui, aliikuta tu haiwaki, imelowa.

"Si kwenye ndoo?" nikamuuliza. "Au pipa?"

"Sijui, fundi."

Nilishika kalamu juu ya safu ya sita kwa muda ambao yeye aliona ni mrefu, maana aliinama kutazama kama kuna tatizo. Kisha nikaandika "hajui", nikavuta kombe karibu, na kuanza kufungua skrubu.